Huru, Bure na Marufuku: Kisa cha Miundo Iliyozuiliwa katika Programu za Kompyuta

Kiingereza kina neno moja tu kwa mambo mawili ambayo Kiswahili hakijapata kuyachanganya. Kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa, Mwingereza huviita kwa jina lile lile. Mswahili husema cha kwanza ni bure na cha pili ni huru. Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU tarehe 27 Septemba 1983, amelazimika kutumia miaka mingi kuwaeleza wasikilizaji wake kwamba programu anayoipigania ni ile iliyo huru, wala hajali kama inauzwa au inatolewa bure. Laiti angalizaliwa Pwani, angaliokoa pumzi nyingi. Lakini tofauti hiyo si ya maneno matupu. Katika kisa cha muziki na filamu ndani ya kompyuta ilitokea kwamba wasambazaji wa programu waliruhusiwa kutoa kitu bure ilimradi kisiwe huru, na wengine wao wakakataa. Kwa nini walikataa, na kukataa huko kuliwafikisha wapi, ndiyo habari ya kurasa hizi.

Programu huru, kwa maana aliyoikusudia Stallman, ni ile ambayo aliyeipata anaweza kuitumia kwa kazi yoyote, kuyasoma maandishi yake ya asili na kuyabadili, kuinakili na kumpa jirani, na kumpa hata ile aliyoibadili mwenyewe. Haki hizo zilitiwa katika leseni iitwayo GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989 na kusahihishwa Juni 1991. Katika sahihisho hilo mna kifungu cha 7, ambacho Stallman alikipa jina la "Uhuru au Kifo". Maana yake kwa ufupi ni hii: ikiwa hukumu ya mahakama au dai la hataza linakulazimisha kugawa programu kwa masharti ambayo mpokeaji wako hataweza kuigawa tena bila malipo, basi usiigawe kabisa.

Hataza, kwa msomaji asiyekutana na neno hilo nje ya vitabu vya sheria, ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ya kuutumia uvumbuzi wake peke yake kwa muda maalumu, siku hizi aghalabu miaka 20 tangu siku ya kuomba. Haki ya mtunzi hulinda maneno aliyoyaandika. Hataza hulinda namna ya kufanya jambo. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika programu kwa mkono wake mwenyewe, asiibe hata herufi moja, na bado akawa amevunja hataza ya mtu asiyepata kumsikia.

Pigo la kwanza lilikuja kwa njia ya picha. Muundo wa GIF, uliotolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, ulitumia namna ya kubana data iitwayo LZW, iliyoelezwa na Terry Welch katika jarida la kitaalamu mwaka 1984. Wengi waliidhania kuwa ni hesabu tu, na hesabu haina mwenyewe. Kumbe kampuni ya Sperry ilikuwa imekwisha kuiombea hataza mwaka 1983 na kuipata mwaka 1985, na baadaye ikarithiwa na Unisys. Mwishoni mwa Desemba 1994 ikatangazwa kwamba waandishi wa programu za GIF watatakiwa kulipa. Wajitoleaji wakabuni muundo mwingine, PNG, ukawa tayari Oktoba 1996, na picha zikaanza kuhamishwa. Hataza yenyewe ilikwisha muda wake Marekani Juni 2003. Jambo hilo halikuacha kovu kubwa, maana picha ya GIF huhamishwa bila kupoteza hata nukta moja.

Muziki haukuhamishika hivyo. Karlheinz Brandenburg na wenzake katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, pamoja na washirika wa nchi nyingine, walikuwa wamechunguza kwa miaka udhaifu wa sikio la binadamu. Sikio likisikia sauti kubwa halisikii ndogo iliyo karibu nayo. Basi ndogo hiyo ikitupwa hakuna atakayeililia. Kwa hila hiyo waliweza kulipunguza faili la wimbo hadi kiasi cha moja ya kumi, na njia yao ikaingizwa katika kanuni ya Shirika la Kimataifa la Viwango iliyochapishwa mwaka 1993. Huo ndio muundo ambao ulimwengu unaujua kwa jina la MP3. Kanuni ilikuwa wazi, kila mwenye kutaka aliweza kuinunua na kuisoma, ila kuitekeleza kulihitaji leseni. Walimwengu waliambiwa waseme lugha moja, kisha wakatozwa kwa kila neno. Tena wimbo uliokwisha kutupiwa sehemu yake katika MP3, ukihamishiwa muundo mwingine wa jinsi hiyo, hutupiwa sehemu nyingine tena, ukazidi kuharibika. Aliyekwisha kuweka akiba ya nyimbo zake humo alikuwa amefungwa kwa nyimbo zake mwenyewe.

Mwaka 1998 taasisi ya Fraunhofer iliwaandikia barua waandishi wa programu za kubana muziki, ikiwataka walipe mrabaha. Wengine waliacha. Wengine walitafuta pa kujificha: programu ya LAME, iliyoanza mwaka huo huo, na ambayo jina lake ni kifupi cha maneno yanayokana kwamba hiyo ni programu ya kubana MP3, iligawanywa kama maandishi tu, kwa hoja kwamba maandishi ni ya kujifunzia, atakayeyageuza yawe chombo cha kazi na ajitazame mwenyewe. Chris Montgomery, naye, alishika njia ya PNG, akaongoza ujenzi wa muundo mpya uitwao Vorbis, ambao toleo lake la kwanza kamili lilitoka Julai 2002.

Tarehe 30 Septemba 2002 kampuni ya Red Hat ya North Carolina, iliyokuwa msambazaji mashuhuri kuliko wote wa mfumo wa Linux huko Marekani, ilitoa toleo lake la 8.0. Watu wakalipokea, wakaliweka katika kompyuta zao, wakagusa nyimbo zao, kimya. Programu ya XMMS, badala ya kucheza, ilitoa taarifa fupi kwamba uwezo wa MP3 umeondolewa kwa sababu ya hataza. Mrabaha uliodaiwa na Thomson, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikikusanya kwa niaba ya wenye hataza, ulikuwa senti 75 za dola kwa kila nakala ya programu ya kuchezea, au makumi ya maelfu ya dola kwa mkupuo mmoja. Kwa kampuni yenye kuuza hisa zake sokoni hicho si kiasi cha kuua. Lawama zikamiminika: Red Hat ni waoga, Red Hat ni mabahili.

Uoga ulikuwapo, na haukuwa bila sababu. Mjitoleaji asiye na mali akishitakiwa hana cha kuchukuliwa. Kampuni yenye fedha benki ni windo. Na kulipa hakukumaanisha kupona. Microsoft ilikuwa imelipa dola milioni 16 kwa ajili ya MP3, lakini Februari 2007 baraza la mahakama la San Diego liliiamuru iwalipe Alcatel-Lucent, waliodai kuwa nao wana hataza katika muundo ule ule, dola bilioni 1.52. Jaji aliifuta hukumu hiyo Agosti mwaka huo, lakini somo lilikwisha kusomwa: hakuna aliyeweza kusema kwa yakini ni watu wangapi wanaomiliki wimbo uliobanwa.

Hata hivyo hoja nzito zaidi haikuwa ya fedha. Tuseme Red Hat ingalilipa. Malipo yangaliikinga kampuni, na pengine mteja aliyenunua kwake. Lakini mteja huyo, akiinakili diski na kumpa jirani yake kama leseni ya GPL inavyomruhusu, angalimpa jirani deni ambalo hakuna aliyemtajia. Mtoaji angalijinunulia amani kwa kumwachia mpokeaji hatari iliyofichika, na kifungu cha 7 kiliandikwa kuzuia jambo hilo hasa. Kampuni ya Fluendo ya Barcelona ilionyesha tofauti hiyo waziwazi miaka michache baadaye. Ilinunua leseni, ikatoa bure programu ya kuchezea MP3, na maandishi yake ikayaacha wazi. Aliyeipokea programu iliyokwisha kutengenezwa na Fluendo alikuwa salama; aliyeyachukua maandishi yale yale akaijenga mwenyewe hakuwa na kinga. Chombo kilikuwa cha bure kabisa, na uhuru ulikuwa umebaki Barcelona.

Ni kweli kwamba waliolaumu walikuwa na jambo la kusema. Uhuru usioweza kusikilizwa ni mgumu kumweleza mtu aliyeketi mbele ya kompyuta bubu, na wengi waliokutana na ukimya ule walirudi kwenye mifumo ya biashara wasigeuke nyuma. Lakini ukimya wa Red Hat ulikuwa na sifa moja ambayo yafaa izingatiwe: ulijieleza. Mtumiaji aliambiwa nini kimeondolewa na kwa nini, kisha akili yake ikaachwa ifanye kazi. Katika sehemu ya pili ya kisa hiki hata kujieleza huko kuliingia hatarini.

Filamu za DVD hazikuzuiliwa kwa hataza peke yake. Zilitiwa kufuli. Mwaka 1996 wenye studio na watengenezaji wa mitambo walikubaliana juu ya namna ya kufumba data iitwayo CSS, na funguo zake wakapewa wale tu waliotia saini mkataba wa siri. Mwandishi wa programu huru hawezi kutia saini mkataba kama huo: kazi yake huwekwa hadharani, na siri iliyo hadharani si siri. Basi mtu aliyenunua filamu dukani kwa fedha zake, akaitia katika kompyuta yenye Linux, hakuweza kuitazama.

Oktoba 1999 ilienea programu iitwayo DeCSS. Mmoja wa walioitengeneza alikuwa Jon Lech Johansen, kijana wa Norwei aliyekuwa na miaka 15. Wenzake hawakujitaja majina. Kufuli lenyewe halikuwa imara. Ufunguo wake ulikuwa wa biti 40 tu, na kampuni moja ilikuwa imeuacha ufunguo wake bila kuuficha vizuri ndani ya programu yake ya Windows. Januari 2000 polisi wa Norwei wa makosa ya kiuchumi walifika nyumbani kwa kijana huyo, wakachukua kompyuta zake.

Wakati huo huo huko New York studio 8 za filamu zilikuwa zimekwenda mahakamani kuwashitaki waliochapisha DeCSS, akiwamo Eric Corley, mwenye jarida la 2600. Silaha yao ilikuwa sheria ya DMCA, iliyotiwa saini na Rais Clinton tarehe 28 Oktoba 1998, inayokataza kuvunja kufuli za kazi zenye haki ya mtunzi na, zaidi ya hapo, kumpa mtu mwingine chombo cha kuvunjia. Tarehe 17 Agosti 2000 Jaji Lewis Kaplan aliwapa ushindi wenye studio. Hoja kwamba DeCSS ilitungwa ili Linux iweze kucheza filamu haikumridhisha, na ni haki kusema kwamba programu ile iliandikwa kwa Windows, jambo lililowapunguzia nguvu watetezi wake. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye tarehe 28 Novemba 2001. Ilikiri kwamba maandishi ya programu ni usemi, na usemi hulindwa na katiba ya Marekani. Lakini usemi huu, ilisema, pia hufanya kazi, na kwa kazi yake unaweza kuzuiliwa.

Kilichowagusa wasambazaji kuliko yote kilikuwa katazo dogo ndani ya hukumu ile kubwa. Corley alikatazwa kuichapisha programu, na zaidi ya hayo alikatazwa kuwaonyesha wasomaji, kwa makusudi ya kuieneza, mahali pengine inapopatikana. Hapo sheria ilivuka kutoka mkononi hadi kidoleni. Duka linalokataa kuuza kitu linaweza kumwambia mteja kwa uungwana kwamba kitu hicho hakipo hapa ila kipo kule. Msambazaji wa programu aliyekaa Marekani alianza kuhofu kwamba hata neno hilo litamtia hatiani. Mradi wa Fedora, uliorithi kazi ya Red Hat tangu 2003, kwa muda mrefu ulijizuia kutaja katika maandiko yake maghala ya nje yaliyokuwa na programu hizo. Kila mtumiaji aliyajua, na rafiki alimnong'oneza rafiki. Hati rasmi zilinyamaza.

Wanazuoni wa kompyuta walijibu kwa kejeli. David Touretzky wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliyetoa ushahidi katika kesi ile, alikusanya namna nyingi za kuieleza DeCSS bila kuiandika kama programu: kwa maneno ya kawaida, kwenye fulana, hata kwa mashairi ya mtindo wa Kijapani. Msomaji aliyelelewa katika tenzi, ambazo kwazo Waswahili walifundishana dini, historia na adabu, hataona ajabu elimu kutiwa katika beti. Ajabu ni kumtaka jaji aseme ni katika ubeti upi elimu inageuka kuwa chombo.

Mahakama za Norwei ziliona jambo kwa jicho jingine kabisa. Tarehe 7 Januari 2003 mahakama ya Oslo ilimwachilia Johansen, na tarehe 22 Desemba mwaka huo mahakama ya rufaa ikafanya vivyo hivyo. Hoja ilikuwa nyepesi, na uzuri wake ni katika wepesi huo: aliyenunua filamu kwa halali ana haki ya kuitazama, na mtu hawezi kuhukumiwa kwa kuingia kwa nguvu katika nyumba yake mwenyewe. Huko New York swali lilikuwa ni nani amempa nani ufunguo. Huko Oslo swali lilikuwa nyumba ni ya nani.

Kwa kuwa sheria zilitofautiana, programu zilihama. Wanafunzi wa École Centrale Paris, ambao mradi wao wa VideoLAN uliwekwa chini ya GPL mwaka 2001, walitoa libdvdcss, programu ndogo ifumbuayo kufuli la DVD, nao wakaiweka katika seva zao huko Ufaransa. Juu ya hataza, Ulaya ilikuwa na Mkataba wa mwaka 1973 uliosema kwamba programu za kompyuta kwa jinsi zilivyo si uvumbuzi wa kupewa hataza, na jaribio la kuilegeza kanuni hiyo lilikataliwa na Bunge la Ulaya tarehe 6 Julai 2005 kwa kura 648 dhidi ya 14. Juu ya kufuli mambo hayakuwa mepesi hivyo, kwani agizo la Ulaya la mwaka 2001 lilifuata nyayo za Marekani, na Ufaransa ikalitungia sheria mwaka 2006. Hata hivyo Julai 2008 Baraza la Dola la Ufaransa lilithibitisha kwamba ruhusa ya kuichambua programu ili nyingine iweze kuafikiana nayo ilikuwa bado ipo.

Ndipo mzigo wa sheria ukaanza kushushwa kutoka bega la msambazaji hadi la mtumiaji. Mfano wake ni Ubuntu, mfumo ulioanzishwa Oktoba 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambaye aliuita kwa neno la Kinguni lililo ndugu wa neno letu utu. Diski zake zilipelekwa bure duniani kote kwa yeyote aliyeandika kuziomba. Tangu toleo la Aprili 2007, mtumiaji alipogusa faili la MP3 mfumo wenyewe ulimtafutia programu ya kulichezea, lakini kwanza ulimwonya kwamba matumizi yake huenda yamewekewa mipaka katika baadhi ya nchi, na kumtaka akubali. Kwa mwanasheria wa London onyo hilo lilitosha. Lakini mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyeletewa diski ile kwa posta alikuwa anaulizwa swali la hataza za Marekani na Ujerumani, naye hana wakili, hana kitabu, ana wimbo tu anaotaka kuusikiliza. Akabonyeza. Kibali cha namna hiyo humlinda anayekiomba, wala hakimwelimishi anayekitoa; na katika jambo hili Red Hat iliyonyimana kwa maneno wazi ilimheshimu mtu wake zaidi kuliko mfumo uliobeba jina la utu.

Hataza hufa, na MP3 iliachiliwa na kalenda. Novemba 2016 Fedora iliruhusu kuichezesha. Mpango wa leseni ulifungwa tarehe 23 Aprili 2017, na Mei mwaka huo ikaruhusiwa kubana pia. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu ule ukimya wa Red Hat. Lakini kadiri muundo mmoja ulivyozeeka, mwingine ulizaliwa na hataza zake. Filamu za siku hizi zimejaa muundo wa H.264. Oktoba 2013 kampuni ya Cisco ilitangaza kwamba italipa mrabaha kwa niaba ya wote, ila kwa nakala zilizojengwa na kugawiwa na Cisco yenyewe. Maandishi yako wazi, na atakayeyajenga nyumbani yuko nje ya kinga. Ni hila ile ile ya Barcelona kwa mfuko mnene zaidi. Fedora huwaelekeza watumiaji wake wachukue nakala kwa Cisco, na Septemba 2022 iliondoa katika mfumo wake uwezo wa kuitumia kadi ya picha kufungua H.264, watu wakashangaa upya kama walivyoshangaa baba zao wa mwaka 2002.

Kufuli la DVD halina kalenda ya namna hiyo. Sheria ya Marekani huruhusu misamaha itolewe kila baada ya miaka mitatu, na mwaka 2006 walimu wa filamu wa vyuo vikuu walisamehewa kufungua DVD za maktaba ya idara yao ili kukusanya vipande vya kuonyesha darasani. Mwaka 2010 msamaha ukapanuliwa. Lakini msamaha huo ni wa kufungua tu. Haumgusi anayekupa ufunguo, ambaye katazo lake limebaki vile vile: mwalimu ameruhusiwa kuingia, na fundi amekatazwa kumchongea. Katika maghala ya Debian, mradi wa wajitoleaji ambao tangu mwaka 1997 una mkataba wa hadhara na watumiaji wake, libdvdcss haimo. Mna kifurushi kiitwacho libdvd-pkg. Ndani yake hamna programu ya kufumbua kufuli, mna maelekezo tu ya kuyafuata maandishi yake huko VideoLAN, kuyaleta, na kuyajenga yawe programu ndani ya kompyuta ya mtumiaji. Kifurushi kikishawekwa, kazi husimama hapo, mpaka mtumiaji mwenyewe aandike amri ya kuendelea.